Usimtue Kaa Mzigo Wake

Makumbusho, Chumba cha Vielelezo
9 Februari

Mwiko, mdogo wangu,

Kichupa chako kimefika. Nimekifungua kwa pupa kama mtoto aliyeletewa zawadi, halafu nikakaa chini kwa hasira. Kaa umemsugua! Umempiga brashi, umemkwangua mgongo, na kama pua yangu hainidanganyi, umempaka ndimu. Mimi nilikuomba kielelezo, wewe umeniletea kitoweo.

Hebu nikueleze taratibu, maana nakujua, ukifokewa unasikia kelele tu. Kaa wa jenasi hii tunawaita wapagazi. Wote wanajulikana kwa jambo moja: jozi ya miguu ya nyuma kabisa si ya kutembelea. Ni mifupi, imepanda juu ya mgongo, na kila mguu una kibano kidogo nchani. Kwa vibano hivyo kaa hushika kitu akakibeba juu yake maisha yake yote: sifongo, kipande cha tumbawe, hata ganda la mwenzake aliyekufa. Anajificha chini ya mzigo. Adui akimtazama kutoka juu haoni kaa, anaona takataka. Sasa wewe, Bwana Usafi, takataka umeitupa, na hiyo takataka ndiyo nusu ya ninachokitafuta. Mkuu wangu wa kazi anataka maelezo kamili ya jenasi nzima, na hakuna aliyewahi kupata kaa hawa wa kutosha. Wanaishi chini sana. Ni meli za mitego kama hiyo yenu tu zinazowatoa.

Kwa hiyo amri ni moja: usimtue kaa mzigo wake. Mfunge nao kwa uzi, kama alivyopanda kwenye mtego.

Mama hajambo, ni yale magoti tu. Akisikia pikipiki ya posta anauliza kama kuna chako. Kuhusu mume wangu hakuna jipya. Kampuni yenu inaimba wimbo uleule: meli yake, pacha wa hiyo yenu, ilizama kwenye maji ya kina kifupi karibu na miamba, kwa dhoruba, na wazamiaji wametafuta hawakuona hata msumari. Unajua sikutaka uende kuwapikia watu hao. Lakini umekwenda, na mtu mzima hafungwi kamba. Basi vaa aproni nyeupe niliyokushonea. Mfuko wake nimeushona kwa uzi wa kijani na kuufunga mafundo mawili mawili, haufumuki hata ukitia kisu.

Dada yako

*

Jikoni, chini ya sitaha
2 Machi

Da Mkubwa,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, kama mtoto aliyeitwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Ndimu sikumpaka. Ilikuwa siki.

Mimi ni mpishi. Nikipewa kaa nasafisha. Hata wewe ungepanda kwenye mtego ningekusafisha kwanza, tukajuliana hali baadaye. Lakini nimekoma. Humo kwenye kopo kuna wawili, kila mmoja na sifongo yake, nimewafunga kwa uzi wa kufungia nyama. Naapa kwa mwiko ulionipa jina: siku ukipokea kwangu kaa mtupu mgongoni, ujue mpishi wenu kapatwa na jambo.

Kazi si mbaya. Jiko ni dogo, nikigeuka kiuno kinafungua kabati. Rafiki yangu ni Mzee Grisi, anayepaka mafuta mashine, mtu wa maneno machache na sahani nyingi. Alifanya kazi na shemeji zamani. Nahodha wetu ni mpole ajabu. Hafoki. Ana mwandiko kama wa kadi za harusi, na mabaharia wasiojua kuandika huwaandikia barua yeye mwenyewe, mezani kwake, bila kulalamika. Posta yote inakaa kwenye mfuko chumbani mwake mpaka ije boti ya mahitaji. Hata lebo ya kaa wako kaiandika yeye: kina mita mia nne, ndani ya leseni.

Hukuniuliza kwa nini nilichukua kazi hii, na mimi sikukuambia. Tuyaache hayo. Shemeji namuulizia kimya kimya. Mzee Grisi kaniambia neno moja tu, kwamba shemeji hakuipenda winchi, ile mashine ya kuvutia mitego. Nikamwuliza kwa nini, akaomba wali zaidi.

Mwambie Mama nanenepa.

Mwiko

*

Chumba cha Vielelezo
21 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Sasa hapo umenena! Wamefika na mizigo yao mgongoni kama watu wanaohama nyumba. Mkuu wangu, ambaye hacheki hata akitekenywa, amecheka.

Lakini tega sikio, maana kuna jambo halijakaa sawa. Wapagazi wana spishi mbili. Ukiwatazama haraka utasema ni mapacha, ila chini ya lenzi wanaachana. Mpagazi wa juu ana miiba mitatu baina ya macho, na wa katikati ni mrefu kuliko wenzake. Mpagazi wa chini naye anayo mitatu, lakini yote inalingana, na gamba lake lina manyoya mafupi laini kama mahameli. Kisha tazama vibano vya miguu ya nyuma. Vya wa juu ni laini, vya wa chini vina meno madogo madogo kama kitana. Ni hivyo tu, miiba, manyoya na meno, hata wewe unaweza. Wa juu anaishi mpaka mita mia tano hivi. Wa chini hajawahi kupatikana pungufu ya mita elfu moja, kwa sababu maji ya juu yana joto na hayawezi.

Lebo ya nahodha wako inasema mia nne. Kaa wako wote wawili ni wa chini.

Ama lebo imekosea, ama kaa wamekosea, na kaa hawajui kusema uongo. Leseni ya meli zenu mwisho wake ni mita mia sita, na sababu yake naijua. Mume wangu alikuwa akinieleza mezani kwa kijiko na kikombe. Kijiko ni winchi, kikombe ni meli. Waya ukiwa mrefu sana na mitego imejaa, winchi inavuta, mitego haiji, basi inayokuja ni meli. Anavuta kijiko, kikombe kinalala ubavu. Nilikuwa nagombana naye kwa sababu ya kitambaa cha meza, chai yote ilimwagikia hapo.

Usimuulize mtu yeyote. Nijibu mimi peke yangu: mnavua wapi?

Dada yako

*

Jikoni
8 Aprili

Da Mkubwa,

Shikamoo. Usinune. Nimemuuliza.

Mdomo wangu unaujua, hauna mlango. Nilimpelekea nahodha chakula, nikasema kwa utani, “Nahodha, dada yangu wa kaa anasema tuko chini kuliko lebo.” Akacheka. Kisha akafuta mdomo, akauliza polepole, “Dada yako anamwambia nani mambo hayo?” Nikasema ananiambia mimi. Akanimiminia chai kwa mkono wake. Tangu siku ile kila mlo anaulizia habari zako: umeolewa, unafanya kazi chumba gani, unapenda kuandika. Nahodha anayemmiminia mpishi chai! Mimi nimeshindwa kuimeza.

Uliuliza tunavua wapi. Sijui jina la mahali, sisi wa jikoni hatuoneshwi ramani. Ninachojua, waya unaanza kupanda watu wakinywa uji, na mtego wa kwanza unaonekana nikiwa nimeshapakua cha mchana. Winchi ikivuta, meli inalalia upande mmoja. Sufuria zangu zilikuwa zinateleza zote kushoto kama zimeitwa. Nimezifunga kwa waya. Supu siwezi kuifunga, inasimama mshazari ndani ya chungu. Wakati huo Mzee Grisi huacha kula akaweka kiganja ukutani, kama daktari kwenye kifua cha mgonjwa, na hazungumzi mpaka winchi inyamaze.

Halafu kuna hili. Wapagazi wamebadilika. Tulipohamia hapa walibeba sifongo. Wiki hizi mmoja kabeba gamba la rangi ya chuma, rangi ileile ya meli yetu. Mwingine kabeba kipande cha plastiki. Juzi kaja mmoja kabeba kijiko. Kijiko, Da Mkubwa! Mabaharia wakacheka, wakaniambia nimkaribishe mpishi mwenzangu. Kisha wakaacha kucheka, wote kwa pamoja.

Nakuletea huyu mmoja tu. Kabeba kitambaa. Nimemfunga kuliko wote, sikukikunjua wala sikukiosha. Tazama wewe mwenyewe. Barua hii na kopo sikutia kwenye mfuko wa nahodha. Nimempa mpishi wa boti ya mahitaji. Wapishi hatuchongeani.

Mwiko

*

Nyumbani
24 Aprili

Mwiko wangu,

Nimekitazama.

Ni kona ya mfuko wa ovaroli, bluu. Uzi ni wa kijani. Mafundo ni mawili mawili. Nilikishona mimi, kwenye meza hii ninayoandikia, mume wangu kasimama nyuma yangu na bukta ananihimiza kwamba gari la bandarini litamwacha. Nikamwambia, ngoja, nguo ikifumuka huko utanilaumu mimi. Akangoja. Gari nalo likamngoja. Sasa nawaza, lingemwacha tu.

Nimelia mpaka Mama akaja na beseni akidhani natapika. Nimemwambia ni tumbo. Sina ulimi wa kumwambia kitu kingine.

Sikiliza vizuri. Huyu kaa uliyemleta ni wa chini, nimempima miiba mara nne nikiomba nikosee. Mpagazi hatoki mbali kutafuta mzigo, huokota kilicho karibu naye. Kwa hiyo meli ya shemeji yako haiko kwenye miamba wala kina kifupi. Iko hapo chini yenu, shimoni, na haikuzamishwa na dhoruba. Ilipinduliwa na winchi yake. Kampuni inajua, na ndiyo maana wazamiaji walitafuta kusikokuwa na kitu. Na sasa wamekuweka wewe juu yake, kwenye meli ileile, na winchi ileile, kwa sababu huko ndiko kaa waliko wengi.

Nimeshampoteza mmoja. Wewe sikutoi. Kesho nakwenda kwa wakaguzi wa meli na kaa wangu na kitambaa changu. Wewe usiseme kitu tena, mdomo wako utie kufuli. Boti ya mahitaji ikija, jifanye mgonjwa, jifanye mwendawazimu, panda uondoke. Nguo waachie.

Barua hii naitia, kwa mkono wa mpishi wa boti ya mahitaji, ndani ya mfuko wa pilipili manga kwenye mzigo wa jikoni. Nani ataingiza pua humo?

Dada yako

*

Melini
15 Mei

Dada mpendwa,

Ni matumaini yangu kwamba barua hii itakukuta u mzima wa afya. Mimi ni mzima, isipokuwa nimeungua mkono wa kulia kwa mafuta ya kupikia. Siwezi kushika kalamu, na ndiyo sababu Nahodha wetu mwema amekubali kuniandikia maneno yangu.

Kuhusu kitambaa, naomba radhi sana. Ulikuwa ni mzaha wangu usiofaa. Nilikitoa katika pipa la matambara ya chumba cha injini na kumfunga nacho kaa. Yawezekana kabisa kwamba marehemu shemeji aliwahi kuacha ovaroli yake kuukuu katika meli hii. Nasikitika kwamba jambo dogo limekusababishia machungu makubwa. Nakusihi usisumbue ofisi za watu kwa ajili ya mzaha wa mpishi. Tafadhali kirudishe kitambaa hicho, pamoja na kaa wote, kwa anwani ya kampuni, nami nitaona kwamba yamekwisha.

Nimeamua kuongeza mkataba wa msimu mmoja. Chakula ni kizuri na bahari imetulia.

Nakutumia kaa mwingine kwa ajili ya kazi yako. Safari hii nimemsafisha barabara ili umwone vizuri bila uchafu wowote.

Msalimu Mama.

Ni mimi mdogo wako,
Mpishi

*

Chumba cha Vielelezo
29 Mei

Mdogo wangu,

Pole sana kwa mkono. Na Nahodha, ambaye bila shaka ndiye anayekusomea, nampa salamu na pongezi. Mwandiko wake kweli ni wa kadi za harusi.

Kaa amefika. Msafi, anang'aa. Ila nikuambie kitu ambacho hata mkuu wangu alikuwa hakijui. Mpagazi akifa na mzigo wake, kisha mtu akamnyang'anya, miguu ya nyuma haishuki. Inabaki imeinuka, vibano vimefunga, vimeshika hewa. Mtu asiyejua ataona kaa msafi. Anayejua ataona kwamba kulikuwa na kitu, na hata ukubwa wake anaweza kukisia. Nimemweka huyu kwenye rafu mbele yangu. Sifanyi kazi nyingine, namtazama tu.

Mzaha wako nimeusamehe. Ofisi za watu sitazisumbua, mimi ni mjane nina kazi zangu. Kitambaa ninacho, nimekifunga kwenye leso. Lakini kwa posta sikitumi, vya posta hupotea. Nitakileta bandarini mwenyewe, siku meli yenu ikitia nanga, na nitakitia mkononi mwa mdogo wangu, yeye, akiwa amesimama kwa miguu yake miwili na mkono wake ninauona. Mtu mwingine akinyoosha mkono sitampa. Asiponyoosha yeye, sijui nitampa nani.

Nahodha ni mtu wa mikataba, ananielewa.

Mama anashangaa kwamba umesaini “Mpishi”. Nimemwambia mkono unauma. Hakuamini, na mimi pia silali.

Dada yako

*

Jikoni
12 Juni

Da Mkubwa,

Shikamoo. Huu ni mkono wa kushoto, usicheke. Ni mimi. Ni Mwiko wako, bado napumua.

Nilijua utadhani nimekufa. Nisamehe. Sikuwa na njia nyingine. Nahodha aliukamata mfuko wa pilipili. Alipiga chafya mpaka machozi, tukawa tunamcheka jikoni, hatukujua amepata nini humo. Jioni yake akaniita. Mafuta hayakumwagika, Da Mkubwa. Yalimwagwa. Baharia aliyeyamwaga aliniomba radhi kabla na akaniomba tena baadaye, alikuwa analia kuliko mimi. Ana watoto. Nahodha alikuwa amekaa hapo hapo ananywa chai, hajapandisha sauti hata kidogo.

Kisha akachukua kalamu. Akauliza, “Dada yako huwa unamwitaje?” Nikamwambia, Dada mpendwa. Akapendezwa sana. Alipoandika “marehemu shemeji” nikaliacha lipite, ingawa nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kulitamka neno hilo. Mwisho akaona kaa wako kwenye kopo, akasema, “Huyu mgongoni ana uchafu, mfute.” Da Mkubwa, nilimsugua kwa huu mkono wa kushoto kwa raha zangu zote! Alikuwa amebeba kipande cha boya. Nilitamani nimtie na siki. Nikajua ukimwona tu utapiga kelele nyumba nzima.

Barua yako ya leso alinisomea kwa sauti. Alipofika pale uliposema vimeshika hewa alitazama mikono yake. Tangu hapo hakuna aliyenigusa. Lakini boti ya mahitaji ilipokuja nikataka kupanda, akanishika bega: “Wewe na kitambaa mnakwenda pamoja. Mpaka siku ile hushuki.” Usijilaumu. Bila barua yako sijui kama ningekuwa na mkono wa kuandikia hii.

Leo asubuhi amri imeingia kwa redio, wakaguzi wanataka meli irudi bandarini mara moja. Kumbe ulikwenda! Nikasema moyoni, huyo ndiye dada yangu. Tungefurahi wote. Ila nahodha amesema harudi mikono mitupu, wala haachi mitego chini ikasema ilikokuwa. Mistari yote ya mitego ipandishwe kwa mkupuo mmoja, pamoja na ile ya shimoni. Mzee Grisi amemwambia, mbele za watu, kwamba meli haitabeba. Haya ni maneno mengi kuliko yote aliyowahi kusema. Nahodha akamjibu kwa upole, “Basi shuka.” Ameshuka. Boti bado ipo ubavuni, na barua hii ataitia ndani ya kofia.

Winchi imeanza. Supu imeshalalia upande, zaidi ya siku zote. Nimevaa aproni yako.

Mwambie Mama nakuja na njaa.

Mwiko

*

Chumba cha Vielelezo
3 Septemba

Mwiko, mdogo wangu,

Barua hii sijui niitie posta gani. Naandika kwa sababu mkono umezoea.

Nilikungoja bandarini. Nilikuja na leso tupu, maana kitambaa nilikuwa nimeshawapa wakaguzi kabla hata sijamwandikia nahodha yale maneno. Niliwadanganya wote, nikajiona mjanja. Karani wao wa kwanza aliniuliza, “Kwa hiyo shahidi wako ni kaa?” Nikamwambia ndiyo, na wewe wa kwako nani? Nilitaka kukuhadithia hiyo, nilijua utacheka.

Bahari ilikuwa imetulia kama maji ya kunawa. Nimesimama pale mpaka walinzi wakaniletea kiti. Mzee Grisi alinikuta nimekaa. Alivua kofia, akatoa barua, akaweka kiganja chake ukutani mwa ghala kama ulivyonieleza, akabaki hivyo. Nikaisoma barua hapo hapo. Siku ya pili kampuni ikatangaza: meli imezama kwenye maji ya kina kifupi, karibu na miamba, kwa dhoruba. Hata maneno hawakubadilisha.

Unasema nisijilaumu. Mimi ndiye niliyesababisha amri ile, na mimi ndiye niliyekufunga wewe kwenye kitambaa usishuke. Najua pia kwamba nisingefanya hivyo wangekumaliza mapema. Nimeyapima yote mawili, na hayanipi usingizi.

Mama hataki kusikia. Anasema mtu aliyesema anakuja na njaa, huja. Kila jioni anaacha sahani moja imefunikwa, na asubuhi naila mimi kabla hajaamka.

Wakaguzi wameamka sasa. Wametuma meli kubwa kule shimoni, yenye waya wa kutosha na watu wanaojua wanachofanya. Mpishi wake anafahamiana na Mzee Grisi, na kila boti inaporudi ananiletea wapagazi waliofungwa kwa uzi, na mizigo yao. Mkuu wangu anafurahi. Maelezo ya jenasi yamekamilika, miiba, manyoya, meno ya kitana, yote yako mahali pake. Kwenye mzigo nimeandika: hubeba chochote kilicho karibu. Akaniambia niongeze mifano. Nikamwambia mifano iliyopo inatosha.

Zamani nilikuwa nikipokea kaa natazama uso kwanza, nahesabu miiba. Siku hizi namgeuza mgongo. Natafuta kitambaa cheupe, nikiomba nisikione. Uzi niliutia mimi mwenyewe, mafundo mawili mawili, ili usifumuke. Usiku nawaza kwamba ningeshona ovyo kama washonaji wengine, maji yangeshaufumua, na mimi ningebaki sijui.

Leo mchana ameletwa mmoja. Wa chini, hapana shaka. Nikamgeuza. Sifongo. Ni sifongo tu, Mwiko, ya manjano, kubwa kuliko yeye mwenyewe! Nimeibusu na spiriti yake yote, mkuu wangu akinitazama.

Kisha nimeifuta meza. Mpishi amesema kesho analeta kopo zima.

Da Mkubwa wako